Jina la Rubani

Bango lililetwa Jumanne asubuhi, limeviringishwa ndani ya blanketi kama mgonjwa, na Melis ndiye aliyelipokea kwa kuwa ndiye aliyekuwa na bisibisi. Dereva alimsainisha karatasi, akamwambia ni shaba tupu, limetengenezwa mjini Bishkek, na asilishike kwa mikono yenye grisi. Melis alijifuta mikono kwenye suruali, kwanza mbele, halafu nyuma.

Ndege ilikuwa juu ya jukwaa la zege katika bustani ya burudani, kati ya gurudumu kubwa la kupandia watoto na banda la aiskrimu, pua ikiangalia ziwa. Ilikuwa ndege ndogo ya injini moja, mabawa mawili juu na mawili chini, ya aina iliyokuwa ikipeleka chumvi, daktari na barua kwenye malisho ya milimani. Melis aliikuta kwenye zizi la zamani, kuku wakitagia kwenye kiti cha rubani. Kwa miezi kumi na minne aliinyoosha bati moja baada ya jingine. Mama yake, Zuurakan, alishona kitambaa kipya cha mabawa, kazi aliyojifunza akiwa msichana katika karakana ya uwanja wa ndege. Mwenye bustani, Talant Orozov, aliwalipa nusu ya malipo ya fundi, na hilo hakulificha. Badala ya nusu ya pili alitoa ahadi: ndege itasimama na rangi yake na namba yake ya zamani, na jina la rubani wake litaandikwa kwa shaba. Rubani huyo alikuwa baba yake Melis.

Melis alifungua blanketi akasoma. Bango lilisema kwamba kwa ndege hii, mwezi Machi mwaka 1974, theluji ilipofunga malisho ya juu, rubani jasiri Kachkynbay Orozov aliwaokoa watoto kumi na tisa wa wafugaji waliougua surua.

Alisoma tena, polepole, kidole kikifuata mstari.

"Kuna kosa?" dereva akauliza. "Kama herufi imekosewa, sema sasa. Nikishaondoka si shauri langu."

"Herufi ziko sawa."

"Basi mbona umekuwa hivyo?"

"Shaba nzuri," Melis akasema.

Kachkynbay Orozov alikuwa baba yake Talant. Mwaka ule alikuwa mkuu wa kikosi cha marubani, na siku ile alikuwa ofisini, kando ya redio. Jambo hilo lilijulikana nyumbani kwa akina Melis kama inavyojulikana kona ya kuwekea kuni.

Bango lilikuwa na matundu manne. Melis aliinua bisibisi, kwa sababu ndiyo kazi aliyoambiwa aifanye siku hiyo, akafunga skrubu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne aliitia mfukoni. Hakujua kwa nini.

*

Jioni alikula bila kuinua macho. Mkewe, Nurjamal, alimmiminia chai nusu bakuli, akamwongezea nusu nyingine, akasubiri. Binti yao Adina alikuwa akifanya hesabu za shule kwenye ncha ya meza. Zuurakan alikuwa akitia nta uzi, mazoea tu, maana mabawa yalikuwa yameshakwisha.

"Bango limekuja," Melis akasema.

"Ee," mama yake akasema. Akaweka uzi chini, akafuta meza kwa kiganja kana kwamba bango lingewekwa pale. "Wameandikaje?"

Akawaambia. Alilitaja jina la Kachkynbay mara moja tu. Nurjamal alikuwa ameshika birika hewani. Akalirudisha kwenye jiko.

"Hapana," Zuurakan akasema. "Mimi nilimweleza yule binti wa ofisini kila kitu. Meerim. Alikuja hapa na simu yake, akaiweka hapa, karibu na jamu. Nilimweleza tangu asubuhi ya siku ile mpaka viti walivyovitupa nje ili watoto waenee. Nurjamal shahidi."

"Ulimweleza, mama," Nurjamal akasema.

"Ulimtaja baba?" Melis akauliza.

Zuurakan akamtazama mwanawe kama mtu aliyeulizwa kama alivaa nguo. "Nimtaje vipi?"

"Nauliza tu."

"Nilisema baba Melis. Baba Melis akawasha injini, baba Melis akakataa kusikiliza redio. Ningesemaje?"

Alikuwa ameolewa akiwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku hiyo jina la mumewe halikupita kwenye midomo yake, wala jina la baba mkwe, wala la shemeji yeyote wa kiume. Hata mumewe alipolazwa na karani wa hospitali akauliza jina la mgonjwa, Zuurakan alimtuma jirani ajibu. Hakuna aliyemlazimisha. Ndivyo mama yake alivyofanya, na mama wa mama yake, na mwanamke aliyetamka alionekana kama aliyetoka nje bila kitambaa kichwani.

"Hakuuliza jina?" Melis akasema.

"Aliuliza. Mwishoni, ameshasimama. Akasema, na jina lake kamili, bibi? Mimi nikacheka, nikafunika mdomo. Nikamwambia muulize Melis."

"Hakuniuliza."

"Basi kosa lake."

"Na wewe?" Melis akamgeukia mkewe. "Ulikuwepo. Ulikuwa unafanya nini?"

"Namimina chai," Nurjamal akasema. "Ulitaka niseme mimi? Jina la baba mkwe wangu, mbele ya mama mkwe, mbele ya mgeni? Kesho ungekuwa wa kwanza kuniambia sikufunzwa kwetu."

"Wanawake wawili chumbani, na jina limekosa wa kulisema."

"Na mwanamume mmoja," Nurjamal akasema, "aliyekuwa nje akipiga msasa mkia wa ndege miezi kumi na minne, asiulize hata siku moja, jamani, mmeandika nini?"

Ilikuwa kweli. Talant alikuwa amempa mkono, na Melis alikuwa mtu wa kuamini mkono.

"Mimi ningesema," Adina akasema, bila kuacha hesabu zake. "Mimi si mke wa mtu."

"Ulikuwa shule," bibi yake akamwambia. "Andika."

*

Ofisi ya bustani ilikuwa kontena lililopakwa rangi ya manjano, nyuma ya bembea za farasi. Meerim aliwakaribisha vizuri Melis na mama yake. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa mji mkuu, mwenye macho ya kukosa usingizi kwa sababu ufunguzi ulikuwa Jumamosi na kila mtu alimpigia yeye. Alimwekea Zuurakan kiti, akammiminia chai mwenyewe, bakuli likajaa mpaka ukingoni.

Zuurakan aliliangalia lile bakuli. Kwao, mgeni anayetakiwa akae humiminiwa kidogo, aongezwe tena na tena. Bakuli likijaa, maana yake kunywa uende. Huenda binti hakujua. Zuurakan aliamua kwamba hakujua, na hakuligusa.

"Bibi, mimi nina sauti yako," Meerim akasema. "Dakika arobaini na saba. Niliisikiliza mara mbili, nikalia. Kweli nililia. Lakini jina halimo."

Akabonyeza simu. Sauti ya Zuurakan ikajaa kontena, nyembamba kuliko alivyoijua: *baba Melis akasema, wakinifukuza kazi wanifukuze, mtoto akifa harudi.* Kisha mlio wa kijiko ndani ya bakuli. Kisha kicheko chake mwenyewe, kicheko cha mwanamwali, na maneno *muulize Melis*.

"Umesikia," Zuurakan akasema. "Nilikuambia umuulize."

"Nilikusudia. Halafu mkurugenzi Talant akaniletea karatasi za kikosi." Meerim akafungua faili. "Hii hapa. Safari ya tarehe kumi na nne Machi, imefanyika kwa amri na chini ya uongozi wa K. Orozov. Sahihi. Muhuri. Jina jingine hakuna. Mimi nifanyeje, nina karatasi yenye muhuri na nina baba Melis?"

"Jina hilo unalo," Melis akasema taratibu. "Kwenye kabati hilo. Nilipoajiriwa mlichukua nakala ya pasipoti yangu. Jina la baba limo."

Meerim akageuka akaangalia kabati. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nipe kalamu," Zuurakan akasema.

"Bibi?"

"Siku ile uliniwekea simu. Ungeniwekea kalamu ningeandika. Mkono wangu haukukatazwa."

Akaandika kwa herufi kubwa, akiegemeza karatasi kwenye goti ili asiguse bakuli. Aliandika jina la mumewe, jina la ukoo wake, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Meerim aliisoma, akaibana kwenye faili kwa kibanio, juu ya karatasi yenye muhuri.

"Nitampelekea leo hii," akasema. Na alimpelekea. Hilo halina ubishi.

*

Talant Orozov alimwita Melis Alhamisi, si ofisini, chini ya bawa la ndege. Alikuwa mtu mnene mwenye adabu, anayemwita kila aliyemzidi umri kaka. Aligonga kitambaa cha bawa kwa kucha, kikalia kama ngoma.

"Mama ana mkono, kaka Melis. Hakuna mwingine nchi hii."

"Asante."

"Nimeiona karatasi yake. Sikatai. Sisemi anadanganya." Akaondoa kucha kwenye kitambaa. "Baba yangu ana miaka themanini na sita. Usiku anauliza kama ndege zote zimerudi. Nilipomwambia kuhusu bango alishika mkono wangu akawa hauachi. Niende nimwambie nini leo, baba, tumekufuta?"

"Yeye anajua nani alirusha."

"Labda anajua. Labda amesahau. Mimi simuulizi." Talant akaangalia ziwa. "Msimu ujao tutaongeza mstari. Nakuahidi. Na wewe nataka ubaki hapa, mwaka mzima, uitunze ndege. Mshahara kamili, si nusu. Nani mwingine ataitunza? Nikimleta mtu wa mjini ataipaka rangi ya waridi."

Hapo alisema kweli. Melis alikuwa ameona mchoro wenye ndege ya rangi ya waridi, yenye macho na kope.

"Jumamosi mama aje," Talant akaendelea. "Avae kilemba cheupe cha zamani, ashike sinia la boorsok za kukaanga, awapokee wageni. Itapendeza kwenye picha."

Melis alisema sawa. Njiani kurudi alijiambia kwamba amesema sawa kwa ajili ya ndege. Nyumbani alimwambia mama yake kuhusu sinia, kuhusu mstari wa msimu ujao, na mwisho kuhusu mshahara. Zuurakan alisikiliza yote.

"Nitashika sinia," akasema. "Huyo mzee atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Vizuri."

*

Jumamosi ilikuwa sikukuu ya watoto. Kila aliyeingia alifungwa utepe mkononi: wageni wa heshima bluu, walionunua tiketi mwekundu, watu wa nyumbani kwa wafanyakazi kijani. Wa kijani hawakuruhusiwa kukaa kwenye viti. Nurjamal na Adina walisimama nyuma, karibu na banda la aiskrimu.

Zuurakan alisimama chini ya bawa tangu saa tatu, kilemba kizito kichwani, sinia la boorsok mikononi. Wageni walichukua vipande vya unga uliokaangwa, wakamwambia asante bibi, wakapiga naye picha. Mmoja alimshika bega akamsogeza kushoto kidogo ili bango lionekane.

Mzee Kachkynbay aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, medali kifuani, kofia nyeupe ya manyoya ya kondoo ikiwa imemzidi kichwa. Wajukuu wake walikaa kwenye ngazi miguuni pake. Zuurakan alisubiri mpaka Talant alipokwenda kumpokea meya, kisha akamwendea na sinia.

"Karibu boorsok, shemeji mkubwa." Hakuwa ndugu wa damu; kwao kila aliyemzidi mume umri huitwa hivyo.

Mzee akainua macho. Alimtazama muda, na uso wake ukabadilika. "Mshonaji," akasema. "Mke wa mdogo wangu. Bado uko?"

"Niko. Umeliona bango?"

"Wamenisomea."

"Basi watamkie watu jina lake. Mdomo wangu umefungwa, unajua. Wako haujafungwa. Jina moja tu."

Mzee alichukua kipande cha boorsok, akakishika bila kukila. Akashusha sauti, wajukuu wasisikie. "Nilimkataza, ni kweli. Hali ya hewa ile angekufa, na mimi ningefungwa. Aliporudi nikaandika kwamba ilikuwa amri yangu. Ningeandika vinginevyo wangempeleka mahakamani. Mimi nilimzuia kuruka msimu mmoja tu. Msimu mmoja, shemeji."

"Alipewa onyo la maandishi. Alikufa nalo."

"Onyo ni karatasi."

"Na hili ni shaba."

Mzee akatazama wajukuu wake, mmoja mmoja. "Unataka niichane karatasi yangu mbele ya hawa?"

"Nataka useme jina."

"Leo sitasema," akajibu, na sauti yake haikuwa ya ukatili. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Waliokufa hawaombi kitu. Sisi ndio tumebaki kuonwa."

Talant alikuwa amerudi na kipaza sauti. Aliwashukuru wageni, akaeleza habari za theluji na watoto kumi na tisa, akainama akambusu baba yake kwenye kofia, watu wakapiga makofi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu, akasema, "Na mama yetu huyu ndiye aliyeshona mabawa kwa mikono yake. Mama, tubariki kwa neno moja."

Akamsogezea kipaza sauti mdomoni. Ilitegemewa aseme mvua njema, watoto wengi, amani, kisha apitishe mikono usoni.

Zuurakan alifungua mdomo. Walio mbele waliona sinia linainama, boorsok mbili zikadondoka kwenye zege.

"Ndege hii ilirushwa na mume wangu," akasema. "Beyshenaly."

Sauti ilitoka kwenye spika zote, hadi kule kwenye gurudumu kubwa. Alikuwa amelitamka vibaya kidogo, kwa haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto.

Palikuwa na kimya. Melis, kando ya mkia wa ndege, alidhani watu wameelewa. Kisha mwanamke mzee kwenye viti vya mbele akafunika mdomo kwa ncha ya kitambaa. "Toba," akasema. "Amemtamka." Mwingine akasema, "Jina la mumewe, waziwazi hivi." Wanaume walitazama chini, kama wanavyotazama chini upepo ukiinua gauni la mwanamke. Msichana mmoja alicheka kwa woga.

Mzee Kachkynbay alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni. Hakuwa anaigiza. "Aibu, shemeji," akasema, na kipaza sauti kikalinasa hilo pia. "Kwa umri wako. Mtu amelala kaburini mwake, unamwita kama unaita mbwa."

"Mama amechoka na jua," Talant akasema upesi. "Muziki, tafadhali."

Muziki ukaanza. Nurjamal alipita katikati ya viti, utepe wake wa kijani mkononi, hakuna aliyemzuia. Akachukua sinia kutoka kwa mama mkwe wake, akamshika kiwiko. Adina aliokota zile boorsok mbili.

Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza, basi nani alirusha ndege?

*

Kijijini walimsamehe. Hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi. Jumapili nzima wanawake walikuja kuazima ungo, kurudisha sufuria, na wote waliongea na Nurjamal mlangoni kwa sauti ya chini.

"Tangu lini yuko hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Anapoteza poteza. Shangazi yangu alianza vivyo hivyo, akavua kitambaa sokoni. Umfungie jiko, usimwachie moto."

"Hajapoteza kitu," Nurjamal akasema. "Alisema kweli."

"Ndiyo, ndiyo. Msibishane naye."

Zuurakan alisikia yote kutoka chumbani. Mume wake mwenyewe angesemaje hakujua. Alikuwa mtu wa mzaha, labda angecheka. Labda angeona haya. Miaka yote ile alikuwa akimlinda kwa kutolitaja jina lake, na sasa hakuwa na hakika tena alikuwa akimlinda na nini.

Jumatatu Talant alipita kwenye jukwaa. Hakumkaripia Melis. Alimuuliza mama anaendeleaje, akasema kuna daktari mzuri mjini Karakol. "Apumzike nyumbani msimu huu," akasema. "Si adhabu, kaka. Kwa heshima yake mwenyewe." Kisha akaweka kidole kwenye kona ya bango. "Hili linacheza upande huu. Skrubu imepungua."

Melis alitia mkono mfukoni. Ilikuwemo bado, imechukua joto la mwili. Akaifunga, akaizungusha mpaka mwisho, akapitisha kitambaa juu ya shaba kuondoa alama ya kidole.

Siku hiyo alipofika nyumbani hakulisema, na mama yake hakumuuliza. Alimwekea chakula. Aliona tu kwamba mwanawe hajagusa mfuko wa suruali hata mara moja, ile tabia aliyokuwa nayo wiki nzima.

Adina aliandika insha ya likizo kuhusu ndege. Alimsomea bibi yake mpaka alipofika kwa rubani, akasimama.

"Niandike babu, au niandike ya bango? Mwalimu alikuwepo Jumamosi."

"Mwalimu atasema nini?"

"Atasema ya bango ndiyo sahihi."

Zuurakan alinyoosha kitambaa magotini. "Unataka alama au unataka nini?" akauliza, na hakikuwa kisirani, alitaka kujua. Adina alifikiri, kisha akafunga daftari, akasema ataandika kuhusu ziwa.

*

Mwezi wa saba watalii walijaa. Kwa som hamsini, fedha ya kwao, mtu alipigwa picha akiwa amesimama kwenye bawa la chini. Melis alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu mahali pa kukanyaga na mahali pasipokanyagwa, lakini nyekundu hiyo haikuonekana kwenye kivuli, na bwana harusi mmoja alimbeba mke wake akasogea hatua mbili nyuma apate ziwa lote kwenye picha. Kisigino kikapita. Kitambaa kilichanika kutoka ubavu mmoja wa bawa hadi mwingine, urefu wa mtu.

Walimleta mshonaji wa mapazia. Alishona kwa mashine kiraka kizuri, wakapaka rangi ya kukaza, kiraka kikajikunja kama sikio. Meerim ndiye aliyempigia Melis simu, akizunguka zunguka, mpaka akasema: mama anaweza kuja? Jumatatu, siku ambayo bustani imefungwa. Kwa lango la nyuma.

"Asiende," Nurjamal akasema. "Waache bawa lioze. Wamemwita kichaa, sasa wanamtaka mkono."

"Sisemi aende," Melis akasema.

Zuurakan alikuwa ameshatoa sindano zake ndefu zilizopinda, anazipanga kwenye kitambaa, moja, mbili, tatu. "Mvua ikiingia humo," akasema, "mbao za ndani zinavimba. Wiki mbili tu. Mimi namjua yule mshonaji wa mapazia, hawezi fundo." Akakunja kitambaa. "Ndege haijanikosea kitu."

Lango la nyuma lilikuwa na mlinzi mgeni, kijana wa msimu kutoka bonde la Chuy, mwenye daftari kubwa na kalamu ya bluu. Kabla yao ilikuwa imeandikwa gari ya aiskrimu. Hakumjua Zuurakan, na alikuwa ameambiwa aandike kila anayeingia.

"Jina, bibi?"

"Zuurakan."

"Wa kwa nani? Wapo akina Zuurakan watatu wanaofagia hapa. Jina la mume, nisichanganye."

Melis, aliyebeba ndoo ya rangi, alisogea mbele haraka ili ajibu. Ilikuwa desturi yake tangu utotoni. Mama yake alimshika mkono.

"Beyshenaly Toktorov," akasema. Safari hii alilitamka sawasawa, kila herufi mahali pake, na hakufunika mdomo.

Mlinzi aliandika. "Kwetu bibi zetu hawatamki," akasema bila kuinua kichwa.

"Na mimi sikuwa nikitamka."

"Yu hai?"

"Hapana."

"Kazi yake? Kuna safu ya kazi."

Juu ya ukuta lilionekana bawa la juu na nusu ya mkia, jua la asubuhi likiwa upande wa ziwa.

"Rubani," Zuurakan akasema.

"Wa wapi?"

"Andika rubani."

Kijana aliandika, kwenye mstari ulio chini ya gari ya aiskrimu. Kalamu ilikuwa inaishiwa wino. Ikamlazimu alipitie neno hilo mara mbili ndipo lisomeke. Kisha akatazama saa, akaandika saa, akawafungulia.